Usifungwe na Fundi Mmoja

Kasuku alibeba mimba ya sentensi moja kwa siku tisa, na kila asubuhi kaka yake alisimama mlangoni, mkono kiunoni kama mkunga aliyecheleweshwa, akauliza, "Bado tu?"

"Bado. Imekaa vibaya."

"Igeuze."

"Nimeigeuza mpaka imepata kizunguzungu."

Sentensi yenyewe ilikuwa ya kukaa juu kabisa kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti yao, pale ambapo mgeni hutupa jicho kabla hajaamua kama atabaki au atakimbia. Kaka mtu aliiita ahadi ya thamani, maana alikuwa amehudhuria semina. Kadi yake iliandikwa Mkurugenzi Mkuu, na kwa kuwa kampuni nzima ilikuwa ya watu watatu, yeye akiwemo, wawili waliobaki walimwita Mkuu, mwanzoni kwa utani, baadaye kwa mazoea. Wa tatu alikuwa mtaalamu wa kompyuta, mtu mpole mwenye kipara kilichomwahi, aliyekaa konani akitafuna vitufe kutwa bila kuinua kichwa. Huyo aliitwa Mchwa. Kasuku mwenyewe alipewa jina lake akiwa na miaka minne, kwa sababu alirudia kila alichosikia, mbele ya yeyote, tena kwa sauti ya mwenyewe.

Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Ulipanda ngazi za chuma, kumi na tisa, ukafika juu unanuka grisi hata kama hukugusa kitu. Ndani mlikuwa na meza tatu, na ya Kasuku ilikuwa na mguu mmoja mfupi.

Walichokuwa wanauza, ukiondoa maneno ya semina, kilikuwa hiki: unapimwa mara moja, vipimo vyako vinahifadhiwa kwenye simu, halafu siku ukitaka nguo unachagua fundi yeyote kwenye orodha, naye anakushonea bila kukugusa. Basi. Mtoto wa darasa la tatu angeelewa. Lakini Mkuu alikuwa ameandika, "Tunaleta mapinduzi katika mnyororo wa thamani wa mavazi kupitia suluhisho bunifu za kidijitali," akampelekea mama mmoja mwekezaji, mwenye miwani mikubwa na subira ndogo.

"Nimesoma mara tatu," mama yule alisema. "Mnauza cherehani, au mnaanzisha dini?"

Akawapa mpaka Ijumaa ya wiki ya pili. Akielewa wanachouza, atazungumza nao. Asipoelewa, wasimpigie simu tena. Ndipo kalamu ikaangukia kwa Kasuku, aliyewahi kupata alama za juu za insha shule nzima na tangu hapo hajawahi kupata mahali pa kuzitumia.

Lakini kilichomkaa Kasuku rohoni hakikuwa yule mwekezaji. Kilikuwa daftari.

Mama yao alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa na mashine ya kukanyaga, kioo chenye ufa uliompunguzia kila mtu unene kidogo, na benchi la wateja ambalo halijawahi kupoa. Kwa miaka thelathini na moja Mama alikuwa ameandika miili ya watu kwenye daftari moja nene lililofungwa kwa lastiki: bega, kifua, kiuno, nyonga, mkono, urefu, na namba ya simu. Miili mia nne. Pembeni mwa namba kulikuwa na maneno madogo ya penseli. Hapendi kubanwa. Bega la kushoto limeshuka. Usimwulize habari za mumewe.

Programu bila vipimo ni chungu kisicho na kitu. Mkuu alipoliomba daftari lile, Mama alimwambia aende akaoge. Alipoliomba Kasuku, Mama aliuliza, "La nini?"

"La kunakili tu, Mama. Siku tatu linarudi. Programu ikianza wewe ndiye wa kwanza kwenye orodha. Itakuletea wateja mpaka benchi livunjike."

"Hiyo ahadi ni yako au ya kaka yako?"

"Yangu."

"Haya, chukua. Ya kaka yako ningetaka mashahidi."

Sasa daftari lilikuwa na wiki tano ofisini. Siku ya kwanza Mchwa alilinakili lote, namba kwa namba, bila yale ya penseli. Siku ya pili meza ya Kasuku ilichoka kuyumba, na Mkuu akalisukuma daftari chini ya ule mguu mfupi. Likaenea kama limekatiwa. Kasuku alijiambia atalirudisha kesho, na ile kesho akaikunja akaiweka mfukoni. Kwa hiyo kila neno aliloandika siku hizo tisa aliliandika juu ya mgongo wa mama yake, na hapa hakuna mafumbo, meza ndiyo ilivyokuwa.

Siku ya kumi alimpa Mkuu hii: "Pima mara moja, shona popote."

Mkuu aliisoma, akakuna kidevu. "Iko wazi."

"Asante."

"Lakini haiumi. Mtu hanunui dawa mpaka umwambie anaumwa. Hawa watu wanaumwa nini?"

"Hawaumwi. Wamevaa."

"Basi nenda kawatafutie ugonjwa."

Jumatano mchana Kasuku alikwenda kwa Mama akajibanza mwisho wa benchi, masikio wazi. Mama alikuwa anampima Nesi, yaani nesi mkuu wa kituo cha afya, mteja wa miaka ishirini, ambaye manesi wake wote walishona kwa Mama. Tepu ya Mama ilikuwa ya njano zamani. Sasa ilikuwa rangi ya chai iliyosahauliwa. Haikuwa na lile bati dogo la kwenye ncha. Pasi iliunguza ncha yake Kasuku akiwa mdogo, Mama akakikata kipande kilichoungua kwa mkasi, akaendelea na kazi, hivyo namba ya kwanza iliyosomeka ilikuwa tatu. Kasuku alijifunza kuhesabu kwa tepu hiyo. Siku yake ya kwanza shuleni aliitwa mbele, akasimama wima, akaanza kwa sauti kubwa: tatu, nne, tano. Darasa lilicheka mpaka kengele ya mapumziko.

Mama hakuwa mtu wa hesabu za karatasi. Alipima, akaandika, na wakati wa kukata alichukua tepu ileile, akaikunja mara mbili au mara nne, akailaza juu ya kitambaa na kutia chaki. Mkono wake ulikuwa hauna swali.

"Umepungua," alimwambia Nesi.

"Zamu za usiku, mama."

"Nakuachia nafasi kidogo kiunoni. Utarudi tu."

Nesi aliligeukia benchi. "Mnamsikia? Ananipangia mpaka mwili. Huyu mama amenifunga. Mwaka ule alipougua nilishona kwingine mara moja, nikatoka nafanana na gunia la mkaa. Siendi popote tena. Nimefungwa hapa kama mbuzi, na kamba siioni."

"Na majani unakula," Mama alisema, pini mdomoni.

Benchi zima lilicheka. Kasuku hakucheka. Alikuwa ameusikia ugonjwa.

Alijua vizuri kwamba Nesi alikuwa anasifu. Alijua pia, maana ndiyo kazi yake, kwamba ukiyachukua maneno yale ukayakamua kicheko, yanabaki kuwa malalamiko. Akayaandika kiganjani, haraka haraka, kabla dhamiri haijavaa viatu.

Alhamisi asubuhi Mkuu aliyasoma kwenye skrini: Vipimo vyako ni vyako. Usifungwe na fundi mmoja.

Akaita, "Mchwa, njoo." Mchwa akaja, akasoma, akamtazama Kasuku, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo kumtazama mtu.

"Hiyo inauma," Mchwa alisema.

"Inauma," Mkuu alisema kwa furaha. "Tuipitishe kwenye kipimo cha Mama."

Kipimo cha Mama kilitoka kwenye semina. Mpe mama yako asome kwa sekunde tano. Akielewa yeye, dunia nzima itaelewa. Zile sentensi za mwanzo za Mkuu walikuwa wamempa zote, na kila mara Mama alirudisha simu akisema, "Sijaelewa, lakini ni maneno mazuri, wanangu."

"Hii tusimpe," Kasuku alisema.

"Kwa nini?"

"Ana kazi nyingi."

"Sekunde tano?"

Kasuku alikuwa bado anatafuta uongo wa pili ngazi za chuma zilipoanza kulia, moja moja, kwa mwendo walioujua tangu utotoni. Mama alitokea mlangoni amevaa gauni lake la kutokea, mkoba begani, anahema.

"Shikamoo, Mama," walisema wote watatu.

"Marahaba. Hizi ngazi mlizijenga wenyewe au mlikosana na mtu?" Akakaa. "Nimefuata daftari. Na kuna jambo nataka kuwaonyesha."

"Utatuonyesha, Mama, lakini kwanza tusaidie hapa," Mkuu alisema, na simu ilikuwa tayari mbele ya Mama. "Soma. Nahesabu."

Mama alitoa miwani iliyofungwa uzi mahali pa skrubu. Alisoma kama alivyosoma kila kitu, midomo ikicheza. Mkuu akahesabu moja, mbili, tatu.

"Nimeelewa," Mama alisema.

"Tatu tu. Tuambie umeelewa nini."

Mama hakumtazama yeye. Alimtazama Kasuku. "Nimeelewa kwamba kamba ni mimi."

Mkuu alipiga meza kwa furaha. Mchwa akarudi kwenye kona yake polepole, kama mtu aliyeingia chumba ambacho si chake.

"Siyo wewe, Mama," Kasuku alisema. "Ni fundi kwa jumla."

"Ndiyo. Kwa jumla."

"Ni maneno ya Nesi mwenyewe."

"Najua, nilikuwepo. Alipoyasema yeye yalikuwa na kicheko." Mkono wake mmoja ulikuwa ndani ya mkoba, umeshika kitu. Ulikaa humo kidogo, kisha ukatoka mtupu. "Kuna lolote mnataka kuniuliza kuhusu vile vipimo? Kabla hamjaanza?"

"Hakuna, Mama," Mkuu alisema. "Vyote vimeingia. Mchwa hakosei."

"Hakosei," Mama alikubali. "Na daftari liko wapi?"

Macho ya Kasuku yalishuka chini ya meza, na ya Mama yakayafuata. Akaliona, na lastiki yake, na mguu wa meza umekaa katikati ya jalada.

"Aa," alisema. "Basi liacheni. Meza isije ikaanguka."

Fundi mwingine angesema kikulacho ki nguoni mwako. Mama alikuwa ameishi nguoni miaka thelathini na moja; hakuwa na haja ya kukumbushwa. Alisimama, akaaga vizuri, akashuka. Kasuku alihesabu ngazi kwa masikio. Zilikuwa kumi na tisa, nafasi kumi na tisa za kumkimbilia, na zote alizitumia kuhesabu.

Ijumaa mwekezaji alisoma, akavua miwani, akasema, "Sasa nimeelewa." Wiki iliyofuata ukurasa ukafunguliwa. Siku hiyohiyo Mkuu akaituma sentensi kwa ujumbe wa simu, na Kasuku alipouliza imetumwa kwa nani, Mkuu alishangaa swali.

"Kwa watu wa daftari. Hao ndio tuna vipimo vyao. Ulitaka tuanze na nani?"

Sentensi ilifanya kazi. Hiyo ndiyo sifa yake na ndiyo laana yake. Watu walibonyeza, walichagua, walishona popote. Mama alikuwemo kwenye orodha ya mafundi, ahadi ilitimizwa kwa kiasi hicho, ila Mkuu aliipanga orodha kwa kasi, na mtu wa mashine ya kukanyaga akaangukia namba arobaini na moja. Nguo za kwanza zilipofika, mmoja wawili walilalamika kwamba zimewapwaya. Mkuu aliwajibu kwamba huo ndio mtindo wa sasa.

Wiki ya tatu Kasuku alipita nyumbani mchana. Kwenye benchi kulikuwa na kapu la vifungo, limekaa peke yake kama mgeni.

"Habari za kazi, Mama?"

"Nzuri."

"Wateja?"

"Wamefunguliwa kamba," Mama alisema, akaendelea kuipaka mashine mafuta, ambayo ilikuwa inang'aa tayari.

Halafu zikaja sare za manesi. Kituo cha afya kilikuwa kinafungua wodi mpya ya wazazi Jumatatu, na Nesi aliwaagizia manesi wake wote sare mpya, ishirini na sita pamoja na yake. Wote walikuwa watu wa daftari. Programu iliwapa fundi wa upande wa pili wa mji mwenye mashine sita za umeme, na sare zikafika Alhamisi, siku moja kabla ya wakati. Alhamisi hiyohiyo, saa tisa, Nesi alipanda ngazi za chuma akiwa ameivaa ya kwake.

Mshono wa bega ulikuwa umeteremka mkononi, na mkono ulikuwa umefika kwenye vidole. Alionekana kama mtu aliyeazima nguo ya kaka yake akaambiwa asiirudishe.

"Haya, watoto wazuri," alisema. "Mliniandikia kwamba vipimo vyangu ni vyangu. Nimekuja kuuliza, hivi ni vya nani?"

"Ni huyo fundi," Mkuu alisema, na simu ikawa sikioni.

Fundi hakubishana. Alituma picha za tepu yake juu ya karatasi alizokatia: kila namba ilikuwa ileile aliyopewa na programu. Mkuu akamgeukia Mchwa. Mchwa akavuta daftari chini ya mguu wa meza, meza ikaenda upande, kikombe cha Kasuku kikaanguka. Akalinganisha kurasa ishirini na sita, kidole kikitembea chini ya kila mstari.

"Sijakosea," alisema mwishoni. "Ni vilevile alivyoandika Mama."

"Basi Mama ndiye amekosea," Mkuu alisema.

"Mama yenu amenishonea miaka ishirini," Nesi alisema. "Hajawahi."

Kasuku alichukua tepu ya ofisi, mpya, ya kijani, ambayo ilinunuliwa kwa ajili ya kupigia picha za tovuti. Akampima Nesi, kisha akaipima sare. Bega lilizidi inchi mbili. Kiuno, ambacho kilikuwa kimerudi kama Mama alivyotabiri, kilizidi mbili. Mkono, mbili. Urefu, mbili. Fundi mbaya hukosea huku na kule, kama mlevi anavyotembea. Kosa hili lilikuwa na nidhamu. Mbili, mbili, mbili.

Akasikia darasa zima linacheka. Tatu, nne, tano.

Tepu ya Mama ilianzia tatu. Kila namba aliyoisoma ilikuwa imebeba ndani yake zile inchi mbili zilizoliwa na pasi, naye akaiandika hivyo hivyo, na alipokata alikata kwa tepu ileile, kwa hiyo kosa liliingia kwa mlango mmoja likatoka kwa mwingine. Mikononi mwake namba zilikuwa kweli tupu. Mikononi mwa fundi mwingine yeyote, zilikuwa uongo wa inchi mbili. Kasuku alikuwa amelijua hilo tangu hajaota meno ya ukubwani. Alilijua kama mtu anavyojua harufu ya nyumba yao, yaani hakuwa analisikia tena.

Hakuwaambia kitu. Alichukua daftari kwapani, akaenda kwa Mama.

Mama alikuwa mlangoni, mahali pa mwanga, anapandisha pindo la pazia lake mwenyewe.

"Ulijua," Kasuku alisema.

"Tepu ni yangu. Nani mwingine ajue?"

"Mbona hukutuambia?"

Mama alilipokea daftari. Jalada lilikuwa na shimo la duara katikati, alama ya mguu wa meza. Akalipapasa kwa kidole gumba. "Siku ile nilipanda zile ngazi tepu ikiwa mkobani. Nilijiambia, watoto hawa watawaharibia watu nguo, acha niwaonyeshe. Nikafika. Mkanipa nisome."

"Ungesema tu, Mama."

"Niliwauliza kama mna swali. Mkasema hamna. Fundi aliyefunga watu ana la kuongeza?" Akavuta uzi. "Nesi ndiye ananiuma. Yeye hakunikosea. Alifuata maandishi, na maandishi yalikuwa mazuri."

Kasuku alikaa kwenye benchi, pembeni mwa kapu la vifungo. Alisema kwa sauti ya chini, "Nikiwaambia, watarekebisha leo leo. Nguo zote zitakaa sawa. Hakuna atakayerudi hapa."

"Na usipowaambia?"

"Watarudi. Nesi, wenzake, wote. Kampuni haitamaliza mwezi."

"Kaka yako atalia."

"Atalia."

Mama alitafuta tundu la sindano, akalikosa, akalipata. "Basi una kazi."

"Nifanye nini?"

"Mimi ni mshonaji. Mwandishi ni wewe. Ila ukisema, sema kwa ufupi, kama ulivyosema ile nyingine."

Njiani Kasuku aliamua kunyamaza. Aliamua kwa moyo wote, akapita mitaa miwili bila kuyumba, akalishikilia hilo mpaka ngazi ya kumi na nane. Ndani, Mkuu alikuwa amegeukia ukuta anambembeleza mtu kwenye simu. Mchwa alikuwa amejiinamia, macho mekundu, anapitia kwenye skrini namba alizokwisha kupitia. Nesi alikuwa ameondoka na kuacha sare yake juu ya kiti, mikono yake ikigusa sakafu.

"Umepata chochote?" Mchwa aliuliza.

Angesema hapana. Lilikuwa neno jepesi tu. Watu watasema alimwonea huruma Mchwa, na kweli alimwonea. Watasema manesi hawakuwa na hatia, na hawakuwa nayo. Lakini Kasuku, ambaye hatuwezi kumpendelea kwa kuwa ndiye mwenye hadithi, alijua kilichomfungua mdomo. Siku zile tisa alitafuta sentensi iliyo fupi, iliyo wazi, isiyoweza kueleweka vibaya na mtu yeyote, na sasa alikuwa nayo, nzima, imekaa kwenye ulimi, nzuri kuliko ile ya kwanza. Alitaka kuiona ikifanya kazi.

"Toa mbili," alisema.

Mchwa alimtazama kwa muda wa pumzi moja, kisha akaelewa, kisha akaandika. Watu mia nne walipungua kwa pamoja, inchi mbili kila mahali, kabla chai ya Mkuu haijapoa. Tangu siku hiyo nguo zote zilikaa sawa. Hakuna aliyelalamika tena, na hakuna aliyerudi.

Zikabaki zile sare ishirini na sita. Fundi wa mashine sita alikataa kuzigusa, alishona alichoambiwa. Jumatatu ilikuwa inakuja. Mkuu alizunguka chumba mara mbili, kisha akasimama, uso umemng'aa kama mtu aliyeokota alichokitupa mwenyewe.

"Tumpelekee Mama," alisema. "Azipunguze yeye. Si tulimwahidi kazi?"

Hakuwa anadhihaki. Ndilo lililokuwa baya zaidi. Alifurahi kweli, kwa niaba ya mama yake.

Jumamosi asubuhi benchi lilijaa. Sare zilirundikwa juu yake kutoka mwisho hadi mwisho, nyeupe, na lilipolia kwa uzito Kasuku alikumbuka kwamba alisema litavunjika. Alikaa sakafuni na wembe, anafumua mabega. Mama alikuwa kwenye mashine. Aliitoa tepu mara moja, kwa mazoea, akaitazama ncha yake, akairudisha shingoni. Mbili haikuwemo. Akapima kwa kidole.

Walifanya kazi mpaka jua likahama dirisha. Mama alimaliza sare ya kumi na moja, akaikung'uta, akasema bila kugeuka, "Ile sentensi yako niliirudia kuisoma juzi. Nilitafuta kosa. Sikuliona."

Kasuku alifumua mishono kadhaa. Kisha akasema, "Mama, nishonee gauni. Nesi amenialika Jumatatu, na sina la maana."

"Wewe?"

"Mimi."

"Ukurasa wako ni ule wa kwanza. Mchwa hakuunakili?"

"Aliunakili."

"Basi vipimo viko kwenye simu."

"Mama."

"Sikuchokozi. Naambiwa kuna mafundi arobaini juu yangu." Akakata uzi kwa meno. "Usifungwe na mmoja."

Akainama, akachukua sare nyingine kutoka kwenye benchi, akamsogezea. "Anza na bega la kushoto. Taratibu, usikate kitambaa."